Macho Yanayocheza, Mwanga Unaoumiza: Maswali Yenu Kuhusu Rangi ya Jicho na Urithi

Barua za toleo hili zimetoka Kongwa, Bahi, Singida, Mpwapwa, Manyoni na Dodoma mjini. Zote zinahusu macho ambayo rangi yake ina hitilafu ya kuzaliwa nayo. Tumezifupisha na kuacha majina.

SWALI: Mtoto wetu wa kwanza amezaliwa na ualbino. Mimi ni mweusi, baba yake ni mweusi kunizidi, na pande zote mbili hakuna anayemkumbuka mtu wa namna hiyo kwenye ukoo. Sasa ana miezi mitatu, macho yameanza kucheza na hanitazami usoni. Ukweni wananinyooshea kidole. Je, imetoka kwangu? Na mtoto ni kipofu? (Mama wa Kongwa)

JIBU: Hongera kwa mtoto, Mama. Hili limetoka kwenu wote wawili, sawasawa. Anayekunyooshea kidole amnyooshee na mwanawe.

Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo kwenye seli, moja ya baba na moja ya mama. Ualbino ulioenea zaidi huku kwetu unatokana na jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu namba 15 (kromosomu ni uzi unaobeba jeni). Mwaka 1994 watafiti waligundua kuwa Waafrika wengi wenye ualbino, kutoka nchi mbalimbali, wana hitilafu moja ileile: herufi 2,700 hivi za jeni hiyo zimekatika na kutoweka, na zimeondoka na kipande cha saba cha maelekezo ya kutengeneza protini. Matokeo ya Watanzania yalitoka 1995, na takriban robo tatu ya nakala mbovu za OCA2 zilikuwa na mkato huohuo. Hitilafu ni ya kale sana, imepokezwa vizazi na vizazi na watu weusi wasiojua kuwa wanayo.

Protini ya OCA2 haitengenezi rangi yenyewe. Inarekebisha kiwango cha asidi ndani ya vifuko vidogo vya seli ambamo rangi, yaani melanini, hutengenezwa. Mtengenezaji ni kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, na mwanao anacho kizima kabisa. Ila asidi ikizidi ndani ya kifuko, kimeng'enya kinakaa bure. Mpishi wa togwa anajua: ukitia kimea cha uwele kwenye uji unaotokota, togwa haliwi tamu, na si kwa sababu kimea kilikuwa kibovu. Kwa vile tairosinasi ipo, rangi kidogo hupatikana, na ndiyo maana watoto wengi wa aina hii huzaliwa na nywele za manjano na si nyeupe kabisa, zikakolea kidogo wanapokua, na wengine wakatoka madoa ya kahawia mahali panapopigwa na jua. Aina nyingine, inayotokana na jeni TYR ya kromosomu 11, huharibu tairosinasi yenyewe. Hiyo ndiyo inayoweza kuacha nywele nyeupe pee hadi uzeeni, lakini kwa Waafrika ni adimu.

Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ana rangi ya kutosha. Tunamwita mbebaji, na kwa kumtazama huwezi kumjua. Tanzania imekadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400 hivi. Ukipiga hesabu kutoka hapo, mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Yaani kwenye daladala iliyojaa kutoka Kongwa kwenda Dodoma wamo mmoja au wawili. Wabebaji wawili kuoana kwa bahati tu ni 1 kwa 19 mara 1 kwa 19, ambayo ni ndoa 1 kati ya 361, na kwenye ndoa hiyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ualbino. Zidisha 361 kwa 4 upate 1,444, tumerudi palepale. Ndiyo sababu ukoo unaweza kukaa karne nzima bila kumwona mtu mwenye ualbino, kisha akazaliwa. Pale wanapooana ndugu wa damu, kwa mfano watoto wa ndugu wawili, nafasi hupanda kwa sababu nakala mbovu ya babu mmoja huweza kufika kwa wote wawili.

Mimba yako ijayo ina nafasi ileile, 1 kati ya 4. Kupata mtoto mmoja hakumalizi zamu wala hakuongezi. Mwanao akikua na kuoa mtu mweusi asiye wa ukoo, nafasi ya kupata mtoto mwenye ualbino ni 1 kati ya 38. Ndugu yake mweusi akioa vivyo hivyo, ni 1 kati ya 114. Wanaume wanaokimbia familia kwa kuhofia watoto wanaofuata wangekaa na hesabu hizi dakika kumi kwanza.

Kuhusu upofu: hapana. Macho kucheza huanza kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hapo ndipo wazazi wengi hushtuka. Miezi ya mwanzo watoto wenye ualbino huonekana kama hawaoni kabisa, kisha kati ya mwezi wa nne na wa sita wanaanza kufuatilia uso na vitu vinavyosogea. Mchezo wenyewe wa macho hupungua kasi kadiri anavyokua, ingawa kwa wengi hauishi. Kwa sasa mweke uso wako sentimita 20 hadi 30 kutoka kwake, mgongo wake ukiwa upande wa dirisha au mlango ili mwanga usimpige machoni, na uvae kitu chenye rangi zilizoachana sana, kama nyeusi na nyeupe. Akifika miezi sita apelekwe kliniki ya macho apimwe kwa matone ya kupanua mboni. Bila matone hayo jicho la mtoto hujikaza na kipimo cha miwani kinatoka cha uongo. Akionekana anahitaji miwani, huvaa hata kabla ya mwaka mmoja.

Usingoje miezi sita ukiona mojawapo ya haya. Mboni, ile sehemu ya katikati inayopaswa kuwa nyeusi, ikiwa nyeupe au iking'aa kama ya paka kwenye picha, mpeleke wiki hiyohiyo, kwa sababu hiyo huweza kuwa saratani ya jicho au mtoto wa jicho. Akipata michubuko bila kuanguka au damu ya puani isiyokatika, mwambie daktari: kuna aina adimu ya ualbino iitwayo Hermansky-Pudlak inayokwenda na kasoro ya chembe za kugandisha damu, na mtoto huyo hapaswi kupewa aspirini. Homa na maambukizi yasiyokwisha nayo yanatajwa, kwani aina nyingine, Chediak-Higashi, hudhoofisha kinga ya mwili. Zote mbili ni nadra sana hapa kwetu, lakini swali la daktari huchukua dakika moja.

Na usimtie machoni dawa yoyote ya majani, maziwa ya mama wala matone ya kununua ya “kutuliza macho yanayocheza”. Dawa ya kutuliza hivyo haipo dukani. Kinachobaki mara nyingi ni kovu kwenye kioo cha jicho, na kovu hilo ndilo linaloleta upofu ambao ualbino haukuuleta.

SWALI: Nina mwanafunzi wa darasa la tatu mwenye ualbino. Alipimwa, akapewa miwani yenye nguvu, nikamkalisha mbele, lakini ubaoni bado haoni. Daftari analigusisha na pua. Wenzangu wanasema ni mvivu, wengine wanasema apelekwe shule ya wasioona ajifunze nukta nundu. Nifanyeje? (Mwalimu, Bahi)

JIBU: Mwalimu, si mvivu, na huenda miwani yake haina kasoro yoyote. Miwani kazi yake ni kuupeleka mwanga ukutane sawasawa kwenye retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana hitilafu kubwa ya lenzi, hasa ile ya jicho kutokuwa duara sawa pande zote, kwa hiyo miwani inamsaidia kweli. Ila shida nyingine ziko nyuma zaidi, na zilianza jicho lilipokuwa likiumbwa tumboni.

Katikati ya retina kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea. Hapo ndipo seli za kuonea vitu vidogo, kama herufi, hubanana kuliko mahali pengine popote. Melanini ya tabaka lililo nyuma ya retina, pamoja na kemikali zinazopatikana njiani wakati wa kuitengeneza, huongoza ujenzi wa kishimo hicho. Zikipungua, kishimo hakichimbiki vizuri na seli hazibanani. Hakuna lenzi inayoweza kuongeza seli.

Halafu kuna njia za neva. Kwa kawaida nyuzi za neva zinazotoka kila jicho hugawanyika: zaidi kidogo ya nusu huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, zilizobaki hubaki upande wake. Kwenye ualbino nyingi mno huvuka. Ubongo haupati picha mbili za kulinganisha vizuri, na kutoka hapo yanakuja makengeza na taabu ya kukadiria umbali. Ukimwona anakosea kudaka mpira au anapapasa kwa mguu kabla ya kushuka ngazi, ndiyo sababu. Kuvuka huku ni alama thabiti kiasi kwamba wataalamu huitumia kuthibitisha ualbino wa macho pale ngozi inapokuwa na rangi ya kutosha kuwachanganya.

Sasa darasani. Muulize mzazi karatasi ya kliniki, utafute tarakimu kama 6/60. Maana yake ni kwamba herufi ambayo wengine huisoma wakiwa mita 60, yeye huisoma akiwa mita 6. Herufi hiyo ina urefu wa sentimita 8.7. Kwa hiyo akiwa mita 6 kutoka ubaoni, herufi ya sentimita 8.7 ndiyo ndogo kabisa anayoweza kuitambua, tena kwa kukaza macho. Msogeze hadi mita 2, herufi hiyohiyo inaweza kuwa sentimita 2.9. Lakini kutambua herufi moja si kusoma sentensi, mtu anahitaji ukubwa walau mara mbili ili asome bila kuchoka. Basi kwa mtoto wa 6/60 aliye mita 2, andika herufi za sentimita 6. Pima maandishi yako ya kawaida kwa rula kabla ya kusema anajisingizia, uone kama yanafika hata sentimita 4.

Dawati la mbele peke yake halitoshi, kwa sababu dawati la mbele katika madarasa mengi liko mita 2.5 hadi 3 kutoka ubaoni, na mara nyingi liko kando. Mruhusu asimame aende ubaoni, asome, arudi aandike, bila kuomba ruhusa kila mara. Soma kwa sauti unachoandika. Angalia dirisha liko wapi: mtoto asitazame ubao ulio karibu na dirisha la mashariki asubuhi wala la magharibi jioni, maana mwanga humwingia pande zote. Irisi yake, lile duara la rangi linalozunguka mboni, halizuii mwanga vya kutosha. Kofia yenye ukingo aivae hata darasani, na kanuni ya shule inayokataza kofia ilegezwe kwa ajili yake. Ubao uliofifia ukawa wa kijivu unamwumiza zaidi kuliko wengine, na kuupaka rangi upya ni gharama ndogo.

Kuhusu daftari puani: mwache. Kusogeza kitabu kutoka sentimita 30 hadi 10 hufanya herufi kuwa kubwa mara tatu machoni pake, ni lenzi ya bure aliyopewa na Mungu. Hakuharibu macho. Kinachochoka ni shingo, kwa hiyo mtafutie meza ya kuinamisha au mbao mbili za kuegemeza kitabu. Vivyo hivyo akigeuza kichwa pembeni anapotazama kitu, usimnyooshe. Wengi wenye macho yanayocheza wana upande mmoja ambao mchezo hutulia, na kichwa huugundua chenyewe. Mkalishe upande wa darasa utakaomwezesha kugeuza kichwa hivyo na bado aukabili ubao.

Mwombe mzazi amrudishe kliniki ya uoni hafifu, siyo ya miwani tu, na apimwe darubini ndogo ya mkononi. Ya kukuza mara nne humpeleka wa 6/60 karibu na 6/15, akaweza kusoma ubao akiwa kwenye dawati. Eneo inaloonyesha ni dogo, hivyo atahitaji wiki kadhaa za kujifunza kuitafuta sentensi na kuifuata. Asipofundishwa ataitupa kwenye begi na mtasema tena ni mvivu. Hospitali ya Mvumi wilayani Chamwino ina historia ndefu ya huduma za macho na haiko mbali na ninyi. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya KCMC Moshi au ya CCBRT Dar es Salaam.

Nukta nundu? Kwa 6/60, hapana. Shule ya wasioona ya Buigiri inafanya kazi nzuri kwa wanaoihitaji, lakini mtoto anayeweza kusoma maandishi ya kawaida yaliyokuzwa akae na wenzake na apewe maandishi makubwa, ukubwa wa 18 hadi 24 kwenye kompyuta, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa. Uhitaji wake ukishaandikwa mapema, Baraza la Mitihani hutoa karatasi zilizokuzwa na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Taarifa hizo zinaanzia shuleni kwako wakati wa usajili, si siku ya mtihani.

SWALI: Mimi ni mweusi wa kawaida, lakini macho yangu yamecheza tangu utotoni na jua linanisumbua. Mdogo wangu wa kiume yuko hivyohivyo, na mjomba wetu, kaka wa mama. Dada zetu wazima. Wanangu watarithi? (Fundi cherehani, Singida)

JIBU: Fundi, umetuandikia ramani ya ukoo bila kujua. Wanaume wameathirika, wanawake wazima, na ugonjwa unapita upande wa mama: hiyo ni njia ya kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja tu na Y moja, kwa hiyo nakala moja mbovu inamtosha mwanaume kupata shida.

Jeni ya kuifikiria kwanza ni GPR143. Inapoharibika, vifuko vya rangi ndani ya seli huwa vichache na vikubwa kupita kiasi, na athari yake huonekana karibu machoni tu. Huitwa ualbino wa macho. Kwa Mwafrika ngozi haionyeshi lolote, na irisi huweza kuwa ya kahawia kabisa, ndiyo maana watu hukaa miaka arobaini wakiambiwa “macho yako mabovu tu”. Daktari wa macho akimulika kwa taa ya mpasuo, ile yenye darubini ya kuchunguzia jicho, anaweza kuona mwanga ukipenya irisi, na nyuma ya jicho retina imepauka na fovea haijakamilika. Mwombe amtazame na mama yako. Mwanamke mbebaji mara nyingi ana mabaka yenye rangi na yasiyo na rangi nyuma ya jicho, kwa kuwa kila seli yake imezima X moja na kubaki na nyingine. Mabaka hayo kwa mama ni ushahidi mzuri kuliko vipimo vingi vya gharama. Yasipopatikana, na retina yako ikawa na rangi kamili, kuna jeni nyingine ya X, FRMD7, inayochezesha macho bila kugusa rangi kabisa.

Urithi ni rahisi kueleza. Wanao wa kiume hawatapata, kwa sababu kwako wanachukua Y. Binti zako wote ni wabebaji. Kila mtoto wa kiume wa binti hao ana nafasi nusu kwa nusu. Dada zako nao kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji.

Kwa cherehani: taa ya pembeni inayomulika kitambaa na siyo uso, na uzi wa rangi inayoachana na kitambaa unapotia kwenye sindano. Na wasomaji wengine wazingatie hili: macho yaliyoanza kucheza ukubwani si habari ya urithi huu. Hayo ni ya hospitali haraka, kwani chanzo huweza kuwa ubongo, sikio au dawa.

SWALI: Mjukuu wangu ana jicho moja la buluu kali, jingine la kahawia. Baba yake ana shungi jeupe la nywele mbele ya kichwa tangu kuzaliwa. Ni ualbino nusu? (Bibi, Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo Bibi. Huo si ualbino, na jicho la buluu huenda linaona vizuri tu. La haraka ni masikio. Dalili hizi mbili pamoja, kwa baba na mtoto, zinaelekeza kwenye hali iitwayo Waardenburg, ambapo seli za rangi hazikufika sehemu zote zilizotakiwa kufika mtoto alipokuwa tumboni. Sikio la ndani nalo huzihitaji seli hizo ili lifanye kazi, kwa hiyo baadhi ya wenye hali hii huzaliwa viziwi. Jeni zake ni kadhaa, PAX3 na MITF zikiwemo, na katika aina zilizo za kawaida nakala moja mbovu inatosha, hivyo kila mtoto wa baba huyo ana nafasi nusu kwa nusu. Baba kusikia vizuri si dhamana kwamba mtoto anasikia. Apimwe kwa mashine hospitali ya rufaa, siyo kwa kupiga makofi nyuma yake, na ni bora kabla hajafikisha miezi sita ili lugha, ya sauti au ya alama, isimpite.

SWALI: Mume wangu na mimi wote tuna ualbino. Watoto wetu watakuwa weusi? (Dodoma mjini)

JIBU: Ikiwa wote wawili mna hitilafu ya OCA2, kama ilivyo kwa wengi nchini, watoto wote watakuwa na ualbino. Ikiwa mmoja ana OCA2 na mwingine ana jeni tofauti, TYR kwa mfano, watoto wote watakuwa weusi, na hilo likitokea isiwe sababu ya kumshuku mke.

SWALI: Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 19. Jioni najikwaa, na siku hizi hata mchana mtu akija kwa pembeni simwoni. Babu, baba wa mama, alimaliza maisha akiongozwa kwa fimbo. Nimeshauriwa kula ini na karoti. (Manyoni)

JIBU: Ini ni zuri lakini tunahofia halitakufaa. Kutoona usiku kwa kukosa vitamini A huwapata zaidi watoto wadogo na wajawazito, jicho huwa kavu, na hupona kwa siku chache wakipewa vitamini hiyo. Kwako kuna urithi na uwanja wa kuona unaobanwa kutoka pembeni, na hiyo ni sura ya retinitisi pigmentosa.

Hapa rangi haijapungua, imehama. Seli za retina zinazoona gizani hufa polepole, na melanini ya tabaka la nyuma husogea ndani ya retina na kutulia kandokando ya mishipa ya damu, ikaonekana kama vidoa vyeusi vyenye matawi. Daktari huviona akipanua mboni. Jeni ya kwanza kuhusishwa, ya rodopsini (protini inayopokea mwanga hafifu) kwenye kromosomu 3, ilitambuliwa mwaka 1990, na tangu hapo zimefika zaidi ya 80. Njia za urithi ni zote tatu: ya nakala moja, ya nakala mbili, na ya X. Babu wa upande wa mama na mjukuu wa kiume, huku mama akiwa mzima, yaashiria X, lakini chora ukoo wote kwenye karatasi kabla ya kwenda, pamoja na waliokufa na nani alioa ndugu.

Tiba ya kuingiza jeni nzima jichoni ipo, iliidhinishwa Marekani Desemba 2017, ila ni kwa wenye hitilafu ya jeni moja tu, RPE65. Anayekuuzia “tiba ya seli” kwa ugonjwa wako anakuibia. Bado kliniki ina faida: maji huweza kujaa katikati ya retina, na yana dawa, mtoto wa jicho huja mapema kwa wenye hali hii, na hupasuliwa. Usimeze vidonge vingi vya vitamini A kwa kujiamulia, ini lako litaumia, na kuna aina za ugonjwa wa retina ambazo vitamini hiyo huzizidisha. Pikipiki iache kuanzia leo, hata mchana, mpaka upimwe uwanja wa kuona.

SWALI: Miwani ya jua ya mnadani inafaa kwa mwenye ualbino? (Mkulima wa zabibu, Dodoma)

JIBU: Weusi wa lenzi hausemi kitu. Lenzi nyeusi isiyochuja mionzi ya jua isiyoonekana (UV) hufungua mboni na kuingiza mionzi zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV400, na kama duka la miwani lina kipima mionzi waombe waipime mbele yako. Kwa kuona hafifu, kahawia au kijivu cha wastani ni bora kuliko nyeusi tii, kwani giza likizidi anapoteza hata kile kidogo alichokuwa anaona. Lenzi zinazobadilika rangi juani ni nzuri, lakini kwenye joto kali hazikolei sana, na Oktoba ya Dodoma unaijua. Kofia ya ukingo wa sentimita 7.5 kuzunguka kote huzuia mwanga wa juu ambao miwani huuachia upenyo. Ngozi ina mafuta yake ya kinga ya jua, yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, yanayopakwa kila baada ya saa mbili. KCMC hutengeneza yao, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, waulizeni Chama cha Watu wenye Ualbino mkoani namna ya kuyapata. Shambani yapakwe mpaka masikioni na nyuma ya shingo, ndipo saratani hupenda kuanzia.